Friwili inayolia Keshero: sikiliza kwanza, nunua baadaye

KESHERO, GOMA – Kinga iliyo nzima haikai kimya. Inaposhuka mteremko na mwenyewe ameacha kukanyaga, inasikika kabla haijaonekana: tik-tik-tik-tik, mlio mwembamba wa mfululizo unaotoka katikati ya gurudumu la nyuma. Watoto wa Keshero wanaujua na wanaupisha njia. Mlio huo si ugonjwa. Ni friwili inafanya kazi yake, ile ambayo kwa Kifaransa inaitwa roue libre: kifaa kinachoacha gurudumu liendelee kuzunguka mbele wakati pedali zimesimama. Mashaka yanaanza pale mlio unapobadilika, au unapokatika kabisa. Friwili iliyonyamaza ni ya kuogopa kuliko inayopiga kelele, na watu wengi wanafikiri kinyume.

Jambo hili linagusa nyumba nyingi hapa, za wenyeji na za waliohama. Kinga za Keshero hazipelekwi matembezini. Zinabeba maji. Bidoni moja ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Bidoni nne ni kilo 80, bado hujahesabu plastiki, chuma, na mtu mwenyewe. Wengine wanafunga sita. Mwisho wa Januari 2025, vita ilipoingia mjini, umeme ukakatika na pampu za maji zikasimama, aliyekuwa na magurudumu mawili na kamba ndiye aliyewapelekea jirani zake maji ya ziwa. Baadaye, Februari mwaka huohuo, kambi za upande wa magharibi zikabomolewa na watu wakatawanyika, wengine kurudi Masisi na Rutshuru, wengine kuingia katika viwanja vya ndugu. Kwa aliyebaki mjini bila shamba wala mtaji, kinga ya kukodi ni kazi ya kwanza isiyoomba barua.

Chukudu halina shida hii. Sanamu yake ya rangi ya dhahabu imesimama mjini Goma tangu 2009, na inastahili, lakini ukilitazama vizuri halina pedali, halina cheni, halina friwili. Mguu unasukuma ardhi, mlima unalipiwa kwa jasho, mteremko unajilipa wenyewe. Kinga imejipa deni la chuma: nguvu yote ya mguu inapita katika cheni, inafika kwenye pinyo ya nyuma, na hapo inakabidhiwa kwa vipande viwili vya chuma vidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho.

Vipande hivyo ndivyo moyo wa habari. Friwili ina duara mbili. Ya nje ndiyo yenye meno ambayo cheni inakaa juu yake. Ya ndani imefungwa kwa nyuzi kwenye kitovu cha gurudumu. Kati yao kuna gololi ndogo za milimita 3 na kitu, kwa makumi, na kuna hivyo vikucha viwili, kila kimoja kikisukumwa na springi nyembamba kama unywele. Ndani ya duara ya nje kumechongwa meno mengine, yasiyoonekana, yaliyoinama upande mmoja. Ukikanyaga, vikucha vinakwama katika meno hayo na gurudumu linakwenda. Ukiacha, vikucha vinateleza juu ya meno, jino baada ya jino, na hiyo ndiyo tik-tik inayosikika barabarani.

Vijana wa hapa wameona kwenye simu zao aina nyingine ya kinga, ya mchezo unaoitwa trials. Mtu anasimama juu ya pedali, kiti hakuna au kiko chini kabisa, anaruka kutoka jiwe hadi jiwe kwa gurudumu la nyuma bila mguu kugusa chini. Video ya Danny MacAskill, Mskoti, iliyotoka 2009 ikionyesha akirukia kuta na nguzo za mji wa Edinburgh, imezunguka dunia nzima. Kinga nyingi za mchezo huo zina friwili mbele, kwenye mkono wa pedali, wala si nyuma, na friwili zake zinashika mara 72 au hata 108 katika mzunguko mmoja. Friwili ya kawaida ya sokoni inashika mara chache zaidi. Ikiwa ina meno 18 ndani, duara ya nje inaweza kuzunguka hadi nyuzi 20 bure kabla vikucha havijakwama. Yule anayeruka juu ya mwamba hana nafasi ya nyuzi 20. Akikanyaga hewa, anaanguka.

Kijana wa maji wa Keshero hajawahi kuruka juu ya mwamba, na ukimwambia kwamba yeye na yule wa Edinburgh wanavunja friwili kwa njia moja atacheka. Lakini ndivyo ilivyo. Friwili haiuawi na mwendo. Inauawa na kuanza: gurudumu limesimama kabisa, mtu anaweka uzito wake wote juu ya pedali moja, na vikucha vinapigwa mara moja kwa nguvu yote. Mchezaji wa trials anafanya hivyo kwa kila mruko. Mbeba maji anafanya hivyo kila anaposimama kwa sababu ya pikipiki, ya jiwe, ya mteja, ya mtoto aliyekatiza, halafu anaondoka tena mlimani na kilo 80 nyuma. Anachomzidi mchezaji ni vumbi. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano, na unga wa mawe hayo, mweusi na wenye makali, unaingia popote penye mafuta. Ukichanganyika na grisi unakuwa kitu cha kunolea chuma.

Fundi mmoja mwenye kibanda cha mabati pembeni ya barabara inayoshuka kuelekea ziwani ameishi na vumbi hilo kwa miaka mingi. Wengi wanamwita kwado kwa sababu anaziba mipira, lakini watu wa kinga wanamwita Mzee tu. Mchana mmoja akaletewa kinga ya bidoni nne na kijana aliyeshika kifua. Kijana huyo alitoka upande wa Masisi, akafika mjini Februari 2024 mapigano yalipofika karibu na Sake, akakaa kambini na mke na watoto wawili, kisha kambi ilipokwisha akapewa chumba na shangazi wa mkewe hapahapa Keshero. Kinga haikuwa yake. Ilikuwa ya mama mmoja wa mtaa, mwenye kinga mbili za kukodisha, anayepokea fedha yake kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe.

"Mzee, kinga iko nalia, kisha iko nateleza," kijana akasema. Alikuwa ameanza kupanda, amesimama juu ya pedali, mara pedali ikashuka bure kama imekatika, na kifua kikapiga gido. Bidoni mbili zikapasuka. Mwenzake mmoja alishamwambia njiani kwamba pinyo imekwisha meno, anunue mpya na cheni mpya. Mama mwenye kinga alikuwa naye ametuma neno: aliyevunja ndiye anayelipa, kwa sababu ameambiwa kijana anafunga bidoni sita.

Bei ya friwili mpya na cheni ingekula maji ya siku nyingi. Lakini kilichomuuma kijana zaidi ni lile neno la sita. Mtu aliyehama akipewa sifa ya kuharibu vitu vya watu, hakodishiwi tena mtaa mzima.

Mzee hakushika funguo. Alisema bidoni zishushwe, kinga ipinduliwe miguu juu, na redio izimwe. Akazungusha gurudumu la nyuma kwa mkono, akaliacha.

Hapa ndipo mafundi wengi wa haraka wanapokosea, na inafaa kwenda polepole, maana msikilizaji yeyote mwenye kinga nyumbani anaweza kufanya yote haya bila kumlipa mtu. Jambo la kwanza ni kujua kelele inatokea lini. Ikisikika tu wakati umeacha kukanyaga, tafuta ndani ya friwili. Ikisikika tu wakati unakanyaga, na inarudi mara moja kwa kila mzunguko wa pedali, acha friwili kwanza. Tazama mikono ya pedali, pini zake, na gololi za katikati ya kinga. Ikisikika wakati wote, ukikanyaga na ukiacha, mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu, ni ekseli, spoki, au gololi za kitovu. Friwili inalaumiwa kwa makosa ya majirani zake wote kwa sababu yenyewe ndiyo inayosikika siku zote.

Gurudumu la kijana lilizunguka na kulia, lakini mlio ulikuwa mwembamba, na kila baada ya muda ukapotea kidogo kisha ukarudi. Mzee akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye mwisho wa ekseli na mpini kwenye mfupa wa sikio. Ndani ya chuma sauti haijifichi. Akasikia pia mkwaruzo, kama mchanga kwenye sufuria. Akatikisa kichwa, akaita kijana naye asikilize.

Kisha akatazama cheni upande wa juu wakati gurudumu linazunguka lenyewe. Ilikuwa inalegea na kuning'inia, pedali zikitaka kufuata nyuma ya gurudumu. Hiyo ni alama ya friwili nzito: duara mbili zinashikana kwa uchafu badala ya kuachana. Ukiisukuma kinga mbele kwa mkono na pedali zikazunguka zenyewe, unaona jambo lilelile.

Yakabaki mashtaka ya pinyo na cheni. Mzee ana rula ya shule ya mtoto wake. Akapima cheni, pini hadi pini, jozi 12 za viungo: ikiwa mpya ni sentimita 30 na milimita 5 kasoro kidogo, ikizidi hapo kwa milimita 3, imekwisha. Hii ilikuwa imezidi kwa milimita moja, basi. Imevutika, haijafa. Meno ya pinyo yalikuwa na migongo mizuri, hayajawa ndoano.

Akarudisha kinga chini, akaegemeza gurudumu la mbele ukutani, akamwambia kijana ashike freni ya nyuma kwa nguvu zote. Kwa chaki akachora mstari mmoja unaokatiza friwili, kuanzia sehemu ya ndani isiyozunguka peke yake hadi kwenye duara ya meno. Akakanyaga pedali kwa mkono, polepole. Mstari ukakaa. Akarudisha pedali nyuma kidogo, akakanyaga tena. Ukakaa. Mara ya tano, pedali ikashuka kwa kishindo, na mstari wa chaki ukavunjika: nusu ya nje imekwenda mbele, nusu ya ndani imebaki pale pale. Cheni haikupanda juu ya jino hata moja.

"Umeona?" Mzee akauliza. "Cheni haina kosa. Ni vikucha."

Jaribio hilo la chaki linastahili kujulikana kuliko yote. Cheni iliyochoka inaruka juu ya meno, unaiona ikinyanyuka, na inaruka zaidi ukikaza. Friwili mbovu inateleza huku cheni imelala vizuri mahali pake. Aliyeambiwa anunue vyote viwili bila kuonyeshwa mstari huo ameuziwa kimoja cha bure.

Kulikuwa na swali la kufungua. Wengi wanajaribu kung'oa friwili yote kutoka kwenye gurudumu, na ni kazi ngumu, kwa sababu kila kukanyaga kunaikaza zaidi; baada ya miezi ya bidoni nne imekaza kama imechomelewa. Inataka funguo yake yenye meno yanayolingana na nafasi zilizochongwa, mbili au nne, na jiriwa imara. Funguo isiyolingana ikiteleza mara moja na kuvunja nafasi hizo, friwili haitoki tena ila kwa tindo. Lakini anayetaka kusafisha tu hana haja ya kuing'oa. Gurudumu linalazwa juu ya beseni, na kifuniko cha mbele, kile chenye vitundu viwili, kinagongwa taratibu kwa msumari butu na nyundo. Nyuzi zake ni za kinyume. Kinafunguka kwa kufuata mwendo wa saa, upande ambao kila kitu kingine hukazwa. Vijana wamevunja vifuniko vingi kwa kutojua hilo tu.

Kifuniko kikatoka. Chini yake kulikuwa na vikaratasi viwili vya bati, vyembamba kuliko wembe, na Mzee akaviweka peke yake juu ya gazeti: hivyo ndivyo vinavyopanga friwili isikaze wala isicheze, na kimoja kikipotea hesabu yote inaharibika. Kisha akainua duara ya nje, na gololi zikamwagika ndani ya beseni kama mtama.

Kilichokuwa ndani hakikuwa grisi tena. Kilikuwa ugali mweusi, mkavu pembeni, na ukiusugua kati ya vidole unakwaruza. Kikucha kimoja kilikuwa kimelala ndani ya kitanda chake, kimegandishwa na ugali huo, springi yake haina nguvu ya kukiinua. Kazi yote ilikuwa imebaki kwa kikucha cha pili. Na hicho cha pili, Mzee alipokisafisha kwa kitambaa na kukiweka juani, ncha yake ambayo inatakiwa kuwa kali kama ukingo wa patasi ilikuwa imeviringika na kung'aa.

Kijana akaomba kipigwe tupa ili kirudi kuwa kikali. Ni ombi la kawaida, na wapo mafundi wanaolikubali. Mzee alikataa. Kikucha kimetiwa ugumu kwa moto, na ugumu mkubwa uko kwenye ngozi ya juu. Tupa ikiuondoa, unabaki na chuma laini chenye ncha nzuri, kinachoshika vizuri siku tatu na kumtupa mtu siku ya nne. Anayefanya hivyo anauza ajali.

Wakati huohuo mama mwenye kinga akafika, amefunga kitenge kiunoni, na hakuja kwa salamu ndefu.

"Mzee, huyu mtoto ameniharibia kinga. Bidoni sita, wamemuona."

"Karibu, mama. Kaa hapa kwanza."

"Sikai. Niambie bei, na yeye alipe."

Mzee akamvutia kibao, naye hatimaye akakaa. Hakumwambia kijana ajitetee. Akachukua kikucha kwa kibano, akakiweka katika kiganja cha mama, akamwonyesha kile kingine kipya kutoka katika kopo lake la friwili zilizokufa. Akamwonyesha ugali mweusi uliokauka hadi kuwa gamba, na chini ya gamba, kwenye kitanda cha kikucha kilicholala, kutu ya rangi ya kahawia iliyokula chuma. Akauliza kijana amekodi kinga hii tangu lini. Wiki tatu. Akamuuliza mama friwili ilifunguliwa lini mara ya mwisho. Mama akafikiri. Haikuwahi kufunguliwa. Alinunua kinga ikiwa imetumika, akawa anaweka hewa na kubadilisha mipira.

"Basi mama, kutu hii ni ya mvua nyingi. Si ya wiki tatu."

"Na bidoni sita?"

Mzee akasema hajui kuhusu bidoni sita. Chuma hakisemi bidoni ngapi, kinasema tu kwamba kikucha kimoja kimelala siku nyingi na mwenzake amebeba mzigo wa wawili. Mtu akifunga sita juu ya friwili ya namna hiyo itakufa haraka, akifunga nne itakufa polepole kidogo, lakini ilikuwa imeshaanza kufa kabla kijana hajaishika. Hapo akanyamaza. Alikuwa na nafasi ya kumtetea kijana zaidi ya pale, kwa huruma, na pengine watu waliokusanyika walitaka afanye hivyo. Lakini neno lake lingekuwa jepesi kama la wale waliosema sita.

Mama alikishika kikucha muda mrefu. Yeye naye kinga mbili hizo ndizo ada za shule na chakula. Si mtu wa kulaumiwa kwa kuogopa. Mwishoni akasema vifaa atalipa yeye, kazi ya Mzee alipe kijana, na bidoni mbili zilizopasuka kila mtu atalia zake. Kijana akakubali upesi sana, kama mtu anayeogopa ahadi isije ikarudishwa.

Kazi yenyewe ilichukua muda mfupi kuliko maneno. Mzee aliosha kila kitu kwa mafuta ya taa. Esansi inasafisha haraka zaidi, lakini jirani yake anachoma mahindi kwenye mbabula, na mara moja inatosha kujifunza. Gololi alizimwaga juu ya kioo kilicholala sawa: zile nzima zinabingirika, zenye mabaka zinasitasita. Sita zilikuwa na mabaka, akazibadilisha kwa za kipimo kilekile, maana gololi moja kubwa kati ya ndogo inabeba uzito wa wote na kuchimba njia. Katika kopo lake akapata vikucha viwili vya friwili ya aina ileile na springi ambazo bado zina roho. Akajaribu kila kikucha kitandani mwake kwa kidole: kibonyeze, kiachie, kinatakiwa kiruke chenyewe bila kusubiri.

Akaweka grisi kidogo pale gololi zinapolala, ya kuzishikilia tu. Kwenye vikucha akatia matone mawili ya mafuta mepesi, ya cherehani. Kijana alishangaa mbona ni machache hivyo. Wengi wanajaza grisi nzito hadi friwili inanyamaza, na wanafurahia ule ukimya, wakidhani kinga imekuwa mpya. Grisi nzito ndiyo iliyomlaza kikucha wa kwanza. Asubuhi ya baridi ya Goma inakuwa nzito zaidi, vumbi linaikamata, na mtu anasimama juu ya pedali akiamini kitu kisichoshika.

Kifuniko kikarudi, safari hii kwa kwenda kinyume cha saa. Friwili ikacheza kidogo kushoto na kulia, nusu ya milimita hivi, na Mzee akaiacha hivyo. Friwili nyingi za bei ndogo huyumba kidogo tangu dukani, na aliyekaza hadi isicheze kabisa ameifanya iwe nzito. Akarudia jaribio la chaki. Mara ishirini. Mstari haukuvunjika. Ndipo akafunga bidoni moja ya maji, akamwambia kijana apande mlima na kurudi, bila kusimama juu ya pedali. Kisha mbili. Kisha nne.

Alimpa masharti kama daktari. Kila wiki, tone moja au mawili ya mafuta mepesi kwenye ufa wa friwili, kinga ikiwa imelala ubavu, kisha pangusa nje ili vumbi lisipate pa kukaa. Ukioga kinga ziwani, usiache kitovu ndani ya maji. Ukianza mlimani na mzigo, sukuma hatua tatu kwa mguu kwanza, gurudumu lizunguke, ndipo ukanyage. Na sikiliza. Mlio ukianza kuwa mwembamba upande mmoja, rudi siku hiyohiyo, usingoje jioni. Vikucha hivi vimetoka kwenye friwili nyingine, havijui kuishi milele. Aanze kuweka kitu kidogo kidogo kwa ajili ya mpya.

Kijana akauliza kama mtu anayerudi Masisi na kinga, huko ambako hakuna fundi karibu, afunge nini kwenye mzigo. Halikuwa swali la mchezo. Baba yake mdogo alikuwa amesharudi na anamwita. Mzee akamhesabia kwenye vidole: chupa ndogo ya mafuta ya cherehani, gololi za friwili zilizofungwa kwenye karatasi, msumari butu, kipande cha chaki. Na friwili yoyote iliyokufa asiitupe, maana ndani yake kuna springi na vikucha ambavyo duka la karibu haliuzi peke yake.

Kesho yake asubuhi mama akarudi, anasukuma kinga ya pili. Nayo ilikuwa inalia, akasema, tak, tak, na aliyekuwa ameikodi alishaambiwa ni friwili. Mzee akampa yeye mwenyewe pedali aizungushe kwa mkono na kuhesabu. Tak moja kwa kila mzunguko wa pedali, na alipoacha kuzungusha, gurudumu likaendelea lenyewe kwa tik-tik safi ya kupendeza. Mama akatazama gurudumu, akatazama pedali, akarudi kwenye pedali. Mzee akashika mkono wa pedali wa kushoto, akautikisa, nao ukacheza. Ilikuwa ile pini inayoushikilia, imelegea. Akaigonga mara tatu, akakaza nati yake, na kelele ikaisha.